Seli za Daudi ni za Nani?

Katika katalogi za maabara za Ulaya na Marekani kuna bidhaa inayoitwa Daudi. Si mtu. Ni seli zilizogandishwa ndani ya kichupa kidogo, na maabara yenye fedha na kibali inaweza kuziagiza, kuziyeyusha na kuziotesha. Zilitoka mwaka 1967 kwa kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 16 aliyekuwa na uvimbe wa saratani katika tundu la jicho, zikaoteshwa na kundi la Eva na George Klein wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi. Ipo bidhaa nyingine iitwayo Namalwa, iliyotoka kwa mtoto wa Afrika miaka hiyo hiyo. Vijana hao hawakuhesabiwa miongoni mwa watafiti, lakini majina yao yamo katika maelfu ya kurasa za majarida ya sayansi. Swali ninalotaka kulijadili ni jepesi kulitamka: seli hizo ni za nani? Na kama si za mtu, je, kuna anayedaiwa chochote kwa ajili yake?

Mimi nasoma Kiswahili, sisomi biolojia, na rafiki zangu wa sayansi wameshaniuliza nafuata nini huko. Nitawajibu mbele kidogo. Kwanza historia, maana bila historia swali hili huonekana kama la watu wasio na kazi.

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell wa Mulago alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Ugonjwa haukuwa mpya. Kumbukumbu za Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo, zilikuwa na watoto wa namna hiyo miongo mingi kabla. Lakini Burkitt ndiye aliyeuliza kwa nini, na wapi. Aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kukuu aina ya Ford kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, maili zipatazo 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha za watoto wenye taya zilizovimba. Waligundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta hauonekani sana juu ya kimo cha mita 1,500 hivi. Mtu wa Kasese hawezi kusoma hayo akatulia. Wilaya yetu inaanzia kwenye tambarare ya Ziwa George na kupanda mpaka kwenye barafu ya Rwenzori. Ule mstari wa mita 1,500 unapita katikati ya mashamba ya kahawa ya watu tunaowajua.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili havikuonyesha kitu. Halafu Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda kutua Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angesema bakteria wameshaingia, akatupa. Epstein alitia tone chini ya hadubini akaona seli hai zimejitenga na kuelea. Seli hizo zikakubali kukua ndani ya chupa, zikaitwa EB1, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Makala ya Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr ilitoka katika jarida la Lancet mwezi uliofuata. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa tazama majina. Ugonjwa ni Burkitt. Kirusi ni Epstein na Barr. Seli za EB1 zina herufi za watafiti wale wale. Mtoto aliyekatwa kipande hayumo. Sisemi hivyo ili nimhukumu Burkitt. Alitibu watoto wengi kwa dawa kidogo na wengine walipona kabisa, na mwaka 1963 kumuuliza mzazi kuhusu mabaki ya uvimbe hakukuwa desturi Kampala wala London. Hukumu rahisi dhidi ya wafu hunichosha. Ninachotaka kujua ni kama deni linaweza kuwepo hata pale ambapo hapakuwa na mwizi.

Mtu anaweza kunijibu upesi: uvimbe si mali, uvimbe ni adui. Mwiba ukiingia mguuni na muuguzi akautoa, hakuna atakayeudai. Hoja hii ina nguvu, na hapa ndipo utafiti wa asili ya uvimbe unapoingia katika maadili bila kukaribishwa. Wanasayansi wanapouliza uvimbe fulani umeanzia kwenye seli ipi, wanauliza ukoo wake. Uvimbe wa Burkitt huanzia kwenye seli nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kingamwili. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kujishikiza mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo katika seli hizo huwa kazini muda wote. MYC ambayo kazi yake ni kuamuru seli zigawanyike kwa kiasi, sasa inaamuru bila kunyamaza. Malaria ya mara kwa mara na kirusi cha Epstein na Barr huandaa njia.

Uvimbe mwingine, wa nadra sana, hutokea kwenye dari ya pua, pale tunapopokea harufu. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1924, na wataalamu huuita nyuroblastoma ya kunusia. Kwa miongo mingi hawakukubaliana umetoka wapi. Mwaka 2024 kundi la watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, lilichapisha kazi iliyotumia panya: walizima jeni mbili zinazozuia saratani, wakaichochea MYC, na uvimbe ukaota kutoka kwenye seli shina zilizo chini ya utando wa kunusia. Hizo ndizo seli ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huzaa upya neva za harufu zinapokufa. Ukinusa kahawa mbichi ikikaangwa na unaijua harufu yake leo kama ulivyoijua utotoni, ni kwa sababu ya kazi yao.

Kwa hiyo uvimbe si mwiba. Haukutoka nje. Ni mtoto wa nyumbani aliyeasi, na MYC ile ile iliyotajwa taya za watoto wa Mulago imetajwa tena kwenye pua za panya wa Marekani. Hili halithibitishi kwamba uvimbe ni mali ya mgonjwa, lakini linaondoa jibu la haraka kwamba haumhusu.

Sasa niwajibu wale wa sayansi. Katika Kiswahili, mtu akikata mti wa jirani tunasema jirani *alikatiwa* mti. Tunahitaji kauli ya kutendea, kwa kuwa mti uko nje ya mtu. Tendo limeuangukia mti, na habari zake zimemfikia mwenyewe. Lakini mkono ukikatwa hatusemi alikatiwa mkono. Tunasema *alikatwa* mkono. Alivunjika mguu. Alitolewa damu. Aliyetendwa ni mtu mzima, na kiungo kinatajwa baadaye kama mahali palipoguswa. Wahadhiri wetu hutufundisha jambo hili kama sarufi tu, nami naona limebeba falsafa: Kiswahili hakimwoni mtu kama mwenye nyumba na mwili wake kama nyumba. Mwili ni yeye. Na Daudi, kwa Kiswahili, *alikatwa uvimbe*.

Najua pa kunishambulia. Tunasema pia alinyolewa nywele na alikatwa kucha, na hakuna anayerudi kwa kinyozi kudai zilizofagiwa. Ni kweli. Sarufi haitoi hati ya kumiliki. Inachoonyesha ni kwamba jambo lilianza kama tendo juu ya mtu, na kwamba mahali fulani njiani, kati ya meza ya upasuaji na chupa ya maabara, mtu aliondolewa kwenye sentensi. Kwa Kiingereza wanaweza kusema Daudi wakimaanisha seli, na basi. Kwa Kiswahili nikitaka kueleweka lazima niseme *seli za Daudi*, na ile *za* hainiachi nisahau kwamba kulikuwa na Daudi. (Jaribu kuandika "Daudi zimegawanyika vizuri" uone mhadhiri atakavyozungushia kalamu nyekundu.)

Mahakama nazo zimejaribu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya California iliamua kesi ya mgonjwa aliyeitwa John Moore, ambaye seli za wengu wake zilifanywa bidhaa bila yeye kujua. Ilisema hawezi kuzidai seli kama mali yake, lakini daktari alipaswa kumwambia. Familia ya Henrietta Lacks, mama wa Baltimore ambaye seli zake zilianza kuoteshwa mwaka 1951, ilipatana na kampuni moja kubwa mwaka 2023, baada ya miaka zaidi ya 70. Naona njia zote mbili zimesimama juu ya swali la mali: inauzwa, haiuzwi, nani alipwe. Mimi nilipata neno lingine nyumbani.

Mwaka juzi mtoto wa mjomba wangu, pale Bwera, alianza kutokwa damu kwenye tundu moja la pua, na tundu hilo likaziba. Hospitali moja ambayo sitaitaja ilimkata kipande, kikatumwa mbali kupimwa. Majibu yalichukua miezi minne. Hayakuwa saratani, na mtoto sasa anacheza mpira na kuvunja madirisha ya watu. Lakini katika miezi ile nyanya yangu alikuwa akiandamana naye kliniki, na kila alipofika aliuliza swali moja, kwa Kiswahili chake cha soko la Mpondwe:

"Mwanangu, kile kipande cha mtoto mmekilaza wapi?"

"Mama, kiko maabara. Tunangoja karatasi."

"Nimesikia karatasi. Mimi nauliza kipande."

Muuguzi hakuwa na jibu, na haikuwa kosa lake. Sisi vijana tuliona aibu kidogo, tukidhani mzee haelewi. Alielewa. Hakudai kirudishwe, wala hakuuliza bei. Alitumia neno *kulaza*, ambalo tunalitumia kwa mgonjwa na kwa maiti, akitaka kujua kipo mikononi mwa nani na katika hali gani. Baadaye fundi wa maabara mmoja alinieleza kwamba vipande hivyo hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, na ile nta iliyobaki hupewa namba na kuwekwa rafuni kwa miaka. Nilimpelekea nyanya habari hiyo. Akasema, basi kipo. Hakuuliza tena.

Neno ninalolitafuta ni amana. Aliyewekewa amana si mwenye mali, wala si mwizi. Anaweza hata kunufaika nayo akiruhusiwa. Lakini anapaswa kuitunza, na akiulizwa iko wapi lazima awe na jibu. Na akifa aliyeiweka, amana haigeuki kuwa yake, inawahusu warithi. Nadhani seli za Daudi na Namalwa ni amana iliyosahauliwa kuwa amana.

Rafiki yangu mmoja wa biokemia anapinga kwa nguvu. Anasema elimu ni ya wote. Seli za Daudi husikia sana dawa iitwayo intaferoni, ndiyo maana zilitumika kupima nguvu yake. Seli za Namalwa zilioteshwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza ndani ya matangi ya maelfu ya lita ili kuzalisha intaferoni hiyo, na ikatibu watu wenye homa ya ini na saratani fulani za damu. Mtoto hakupoteza kitu, dunia ilipata. Deni liko wapi? Nakubaliana naye kwamba mtoto hakupoteza kitu. Hata hivyo mtu aliyepewa zawadi bila kuombwa bei hana deni dogo kuliko aliyenunua. Kant alisema mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Lile "tu" ndilo lenye uzito. Kutumiwa si tatizo. Tatizo ni kutumiwa na kisha habari ikaishia hapo.

Na habari huishia wapi? Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Kongo aliugua akapelekwa Kagando, kisha Bwera. Sampuli yake ilipelekwa Entebbe, Taasisi ya Utafiti wa Virusi, na tarehe 11 Juni ikatangazwa kuwa ni Ebola. Siku chache tu. Mahema yalisimamishwa, magari yakajaa, tukanawa mikono mpaka ngozi ikakauka. Sijutii hata shilingi iliyotumika. Lakini nilijifunza kwamba barabara ya Bwera hadi Entebbe inaweza kupitika kwa siku chache kama kipande kilichobebwa kinaitishia dunia. Kinachomtishia mtoto mmoja tu husubiri miezi minne. Barabara ni ile ile.

Warithi wa Daudi basi ni akina nani? Hapa jina lenyewe lilinisaidia. Sisi Wakonzo majina yetu ni ya zamu ya kuzaliwa. Bwambale ni mvulana wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. Biira ni msichana wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Jina langu mimi ni la msichana wa pili. Maabara ikiita seli zangu kwa jina hilo, itakuwa imetaja nusu ya soko la Kasese. Zamani nilidhani huo ni upungufu wa majina yetu. Sasa naona yanasema kitu: jina halikutengi, linakuonyesha mahali pako kati ya ndugu. Deni la mtu mwenye jina kama hilo likishindwa kumfikia yeye, lina pa kwenda. Linakwenda kwa anayefuata.

Anayefuata ni mtoto mwenye taya lililovimba leo, au pua iliyoziba. Kwa upande wa Burkitt deni lilianza kulipwa mapema: mwaka 1967, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, Mulago ilifungua kituo cha kutibu uvimbe huo, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Lazima isemwe. Lakini mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika, na nyingine haikuzinduliwa mpaka Januari 2018. Uvimbe wa Burkitt hutibiwa zaidi kwa dawa, kwa hiyo si kila mgonjwa aliyeguswa. Ule wa dari ya pua huhitaji upasuaji na mionzi. Katika miezi ile yote seli za Daudi, zilizokuwa na umri wa karibu miaka 50 katika chupa, hazikukosa nitrojeni ya kuzigandisha. Kutoka Bwera hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400, kutwa nzima ndani ya basi, na mama aliyepanda basi hilo na mtoto wake mwaka 2017 alikuta mashine imekufa.

Sitaki seli hizo ziharibiwe wala zirudishwe, zirudishwe wapi? Ninachodai ni kile alichodai nyanya, kwa kipimo kikubwa zaidi: kipande kinapoondoka, majibu yarudi kwa kasi ile ile, na aliyekishika awe na jibu anapoulizwa. Miongozo ya utafiti ya Uganda siku hizi inataka ridhaa ya mgonjwa, hata ya kuhifadhi sampuli kwa ajili ya baadaye. Ni hatua. Ila ridhaa huandikwa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Muhula uliopita yule rafiki wa biokemia aliniomba nimtafsirie fomu ya mazoezi ya darasani. Yeye alitaka iandikwe: "Sampuli itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye." Mimi niliandika: "Mtoto wako atakatwa kipande kidogo. Tutakitunza, na ukituuliza kiko wapi tutakuambia." Akasema yangu inatisha wazazi. Nikasema yake haina mtu ndani yake. Tulibishana mpaka taa za maktaba zikazimwa, na fomu bado ina sentensi zote mbili, yake kwa wino wa bluu, yangu kwa penseli.